Kilo Mia Tatu Zisizoguswa

Mama alikuwa ameambiwa asije. Aliambiwa kwa simu, akaambiwa uso kwa uso, na mwisho dada akanituma mimi nikamwambie tena: "Mwambie mama, Alhamisi ni siku ya mtihani wangu. Apande ndege siku nyingine yoyote." Mama akanisikiliza vizuri kabisa, akatikisa kichwa kukubali, akamaliza kukunja nguo zake, kisha akauliza, "Hiyo ndege ya Alhamisi inaondoka saa ngapi?"

Basi Alhamisi saa moja na nusu asubuhi tulikuwa ndani ya ndege, safu ya tatu, mama dirishani, mimi pembeni yake, simu mkononi. Ndege yenyewe ni ile ya mapangaboi mawili, viti kama sabini, ukinyoosha miguu unamgonga mtu. Ng'ambo ya kijia aliketi bwana mmoja mnene ambaye kabla hatujafunga mikanda alishamweleza mama kwamba anauza magodoro. Toka hapo mama akamwita Bwana Magodoro, na yeye akaitikia.

"Anayeendesha humu ni mwanangu," mama akamwambia. "Wa kwanza. Wa kike."

Bwana Magodoro akaniangalia mimi. "Kweli?"

"Kweli," nikasema.

"Hongera, mama! Ana uzoefu mkubwa?"

"Leo ndiyo anamaliza kujifunza," mama akajibu, uso umejaa furaha.

Bwana Magodoro akaufungua mkanda wake, akaufunga upya, akauvuta mpaka ukambana.

Sasa niwaeleze huo mtihani, maana bila kuuelewa hamtaelewa kwa nini mimi nilikula kucha zangu zote kumi. Dada ni rubani msaidizi, ila wa kujifunza. Mtihani wa mwisho anaufanya angani, kwenye safari ya kweli yenye abiria wa kweli, kapteni ndiye mtahini. Alishaufanya mara moja akaanguka. Kuendesha hakukuwa na shida, kuendesha anajua mpaka basi. Yule mtahini aliandika mstari mmoja tu: "Anajua kila kitu, ila anangoja aambiwe."

Na hilo kosa, jamani, alilitoa nyumbani. Mama katulea hivyo: mkubwa akisema, mdogo kimya. Mimi somo hilo lilinipita sikio hili likatokea lile. Dada lilimwingia mpaka mifupani. Akiketi na mtu mwenye mvi, ulimi unakuwa mzito kama umefungiwa jiwe. Na mtihani unafanywa mara mbili tu. Ukianguka ya pili unarudisha sare, unarudisha kitambulisho, unatakiwa kila la heri. Miaka minne ya kusoma, kwisha.

Mtahini wa safari hii alikuwa kapteni anayeitwa Bwana Tone. Walimpa jina hilo kwa sababu hakuna tone la mafuta linalompita bila kuulizwa linakwenda wapi. Hacheki, hakemei. Anaandika tu kwenye kidaftari chake.

Yaliyotokea mbele, kwenye chumba cha marubani, dada amenisimulia mara tatu, na kila mara anasimulia kwa mikono yote miwili, kwa hiyo nayajua kama nilikuwepo.

Kumbe shida ilianza kabla hatujapanda. Kuna chumba ambacho marubani wanakutana asubuhi kuangalia hali ya hewa na kuamua mafuta. Ukutani pana ubao mweupe. Kila mwezi linaandikwa pale jina la kila rubani na kiasi cha mafuta alichoongeza kupita mpango. Mafuta ya ziada ni mzigo, na ndege ikibeba mzigo inakula zaidi, kwa hiyo kampuni haipendi. Adhabu hakuna. Kuna utani tu. Ukiwa namba moja kwenye ubao unaulizwa mwezi mzima kama unakwenda mwezini, kama unaogopa giza, kama umebeba na maji ya kuoga. Na marubani, kwa jinsi dada anavyosema, wanaweza kuvumilia radi lakini hawavumilii kuchekwa.

Mafuta ya ndege yanapimwa kwa kilo, kama sukari. Mpango wa siku ile ulikuwa kilo elfu moja na mia saba. Mia tisa za safari. Mia moja hamsini za kuzunguka kidogo kukiwa na foleni. Mia tatu hamsini za kukimbilia uwanja wa pili, ule wa kwanza ukikataa. Na mia tatu za mwisho, ambazo ni nusu saa ya kukaa angani. Hizo mia tatu haziguswi. Ukitua ukiwa nazo, umeshinda. Zikipungua hata kilo moja, hata ukitua laini kama unaweka yai kitandani, hiyo ni dharura. Barua zinaandikwa, na mtahini anafunga kidaftari.

Karatasi ya hali ya hewa ilisema kutakuwa na ukungu tunakokwenda, ila utaondoka saa mbili. Dada akaisoma mara mbili. Kidole kikaenda chenyewe mahali pa kuandika mafuta ya ziada. Palepale akaletewa orodha ya abiria, na kwenye safu ya tatu akakuta jina la mama.

"Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya baridi," aliniambia. "Nikawaza, nikiongeza sasa hivi, watasema nimeongeza kwa sababu mama yangu yumo. Binti wa mama! Watanicheka mpaka nistaafu."

Bwana Tone akamuuliza, "Unaongeza?"

"Hapana, kapteni. Inatosha."

Bwana Tone akaandika kitu kwenye kidaftari.

Basi tukaruka. Mama aliufurahia mwendo wa kupaa kuliko wote humo ndani. Mtu aliyepika kwenye sufuria za shule ya bweni miaka ishirini na mbili hatishwi na mngurumo. Alinywa chai, akamsifu mhudumu kwa chai, akamuuliza maswali kuhusu jiko lao dogo kule nyuma, linatumia nini, linachemsha kwa muda gani. Saa tatu kasoro dakika kumi tulitakiwa kutua. Chini ya dirisha kulikuwa na weupe mtupu, kama mtu kamwaga maziwa kila mahali.

Tukaanza kuzunguka.

Mara ya kwanza mama alimalizia chai yake. Mara ya pili akaniambia, "Jua limepita dirishani tena." Mara ya tatu akaanza kuhesabu kwa vidole. Mara ya nne akaniinamia sikioni, nami niliona kabisa anajaribu kunong'ona, ila mama hajui kunong'ona.

"Mwanangu, dada yako kapotea?"

Safu nne zikageuka.

"Hajapotea, mama! Anasubiri ukungu uondoke."

"Si angeuliza njia?"

"Mama!"

"Mimi nasema tu. Kuuliza si aibu."

Bwana Magodoro akavuta mkanda wake kidogo tena, ingawa sijui ulikuwa unakwenda wapi.

Kule mbele, dada alikuwa ameshaandika namba moja kwenye karatasi na kuizungushia duara: mia sita hamsini. Hiyo ndiyo namba ya kuondoka. Mafuta yakifika hapo, unageuza unakwenda uwanja wa pili, hakuna mjadala, kwa sababu mia tatu hamsini za njiani ukitoa, zinabaki zile mia tatu zisizoguswa. Mshale ukasoma mia saba. Mia sita themanini. Mia sita sitini.

Hapo ndipo sauti ya mnara, yaani mwongoza ndege wa chini, ikaja kwenye redio kwa uchangamfu: "Ukungu unaanza kuinuka. Nipeni dakika tano."

Jamani, dakika tano! Kiwanja kiko chini yako. Ukienda mbali utachelewesha watu sabini, utajaza fomu, na labda ukifika huko unaambiwa uwanja uliouacha umefunguka. Bwana Tone akatazama nje dirishani, akasema kwa upole, "Dakika tano si nyingi."

Alikuwa anamjaribu? Alikuwa anashauri? Dada hakujua, na mpaka leo hajui. Anachojua ni kwamba mtu mwenye mvi amesema.

"Mshale ukagusa mia sita hamsini," dada anasimulia, "nikajisikia nasema, 'Ni nyingi, kapteni. Tunaondoka.' Nikageuka kuangalia nani amesema hivyo."

"Ndege ni yako," Bwana Tone akajibu. Akaandika.

Huku nyuma tukahisi tunageuka, na safari hii jua likakaa upande mmoja, halikurudi. Kisha sauti ikatoka juu ya vichwa vyetu.

"Ndugu abiria, mimi ni rubani msaidizi wenu. Ukungu umetufungia uwanja tunaokwenda, kwa hiyo tunaelekea uwanja mwingine, kama dakika thelathini na tano kutoka hapa. Mafuta tunayo ya kutosha, ila si ya kuchezea, hivyo tutakwenda taratibu kidogo. Naomba mkae na mikanda mmefunga."

Mama alishika mkono wangu kwa nguvu. Nikadhani ameogopa. Wapi!

"Umemsikia? Si ya kuchezea! Hayo ni maneno yangu! Nawaambia wasichana wangu wa jikoni kila siku, gesi si ya kuchezea!" Kisha uso wake ukabadilika, ukawa ule uso wa jikoni, uso wa mtu mwenye watoto mia nne wa kuwalisha na mtungi mmoja. Akainua mkono juu ya kichwa chake, akazima kijitaa cha kusomea. Akafunga na kile kitundu cha upepo. Akanigeukia. "Zima chako."

"Mama, hivi havihusiani na..."

"Zima."

Nikazima. Mama akamtazama Bwana Magodoro.

"Baba, taa hiyo unasoma nini?"

"Sisomi kitu, mama."

"Basi unamulikia nani?"

Bwana Magodoro akazima. Nyuma yake mwanamke mmoja akazima bila kuambiwa. Mama akasimama nusu, mkanda bado kiunoni, akatangaza kwa sauti inayofika bwenini: "Ndugu zangu! Mwenye taa azime taa, mwenye upepo afunge upepo, mafuta si ya kuchezea!" Na watu, sijui kwa nini, wakatii. Tik, tik, tik, safu kwa safu, kama maharage yanaanguka kwenye sinia. Mzee mmoja nyuma akauliza kama azime na kifaa chake cha masikio.

Mhudumu alikuja mbio. "Mama yangu, naomba ukae. Taa hizi hazisaidii mafuta."

"Binti, taa inawaka kwa nini? Kwa upepo?"

Mhudumu akafikiri. "Inatoka kwenye injini."

"Na injini inakula nini?"

Mhudumu akaangalia dari. Akainua mkono taratibu, akazima taa ya pale mbele alipokuwa anakaa. Sasa baadaye dada aliniambia kwamba kweli inasaidia, ila kama kuchota pipa kwa kijiko cha chai. Nimemkataza asimwambie mama.

Mhudumu akapiga simu ya ndani kwenda mbele kueleza kwamba abiria wote wamezima taa kwa hiari yao. Kule mbele hakukuwa na nafasi ya kucheka. Upepo uliokuwa umetabiriwa kuwasukuma ulikuwa umegeuka na kuwapiga usoni, na kompyuta ya ndege, ambayo hupiga hesabu mtafika na kilo ngapi, ilikuwa inaonyesha mia mbili themanini.

Ishirini pungufu. Dada akaitazama hiyo namba. Hakuna kituo cha mafuta mawinguni. Ulichonacho ndicho ulichonacho. Unachoweza kubadilisha ni jinsi unavyokila tu.

Akaanza kazi. Kwanza akapunguza mwendo.

"Abiria watalalamika," Bwana Tone akasema.

"Walalamike wakiwa angani na mafuta, kapteni."

Kompyuta ikasogea: mia mbili themanini na saba. Akauliza kwenye redio kama kuna ndege juu yao, na huko upepo ukoje. Rubani mmoja akajibu kwamba kwake umepoa. Akaomba kibali, akapanda taratibu kama mtu anayepanda ngazi na bakuli la mchuzi. Mia mbili tisini na tatu. Njia waliyopangiwa ilikuwa na kona mbili. Akaomba azikate zote mbili. Mnara ukamruhusu kukata moja. Mia mbili tisini na tisa.

Ilipofika wakati wa kuanza kushuka, Bwana Tone akasema, "Wenzako huanzia hapa."

"Mimi nangoja kidogo," dada akasema. "Halafu nitazima jiko mapema."

"Utazima nini?"

Dada akaona amesharopoka, basi akamalizia. "Mama yangu ni mpishi wa shule, kapteni. Maharage yakikaribia kuiva anazima moto, anafunika, sufuria inamalizia kwa joto lake yenyewe. Tukikaa juu muda mrefu, kisha tukipunguza injini kabisa, ndege itashuka kwa uzito wake. Itamalizia yenyewe."

Bwana Tone akaandika kwenye kidaftari, na dada akaamini amejimaliza. Kisha akasema, "Funika basi."

Huku nyuma tuliusikia mngurumo ukipungua mpaka ukawa kama mtu anayepumua usingizini. Bwana Magodoro akafumba macho. Mama akainamisha sikio kama anasikiliza chungu. "Kazima mapema," akaninong'oneza, na safu nne zikasikia. "Huyo ni wangu."

Mia tatu na tano. Mia tatu na kumi na moja.

Dada alikuwa anataka kupumua. Akaita mnara wa uwanja ule wa pili, akajitambulisha, na mnara ukamjibu kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Karibu. Wewe ni wa tano kutua. Ukifika, zunguka."

Kumbe ukungu ule ule ulishafukuza ndege nyingine nne, na zote zilikimbilia hapohapo! Wa tano maana yake ni dakika kumi na mbili au zaidi za kuzunguka. Dakika kumi na mbili ni kilo mia na ushee. Mia tatu zisizoguswa zingeguswa, tena si kidogo.

Yapo maneno maalumu ya kusema kwenye redio ukifika hapo. Maana yake ni: nina mafuta ya kutua moja kwa moja tu, mkinichelewesha nitatangaza dharura. Maneno yenyewe ni mafupi, ila marubani wanayaogopa, kwa sababu kila ndege iliyopo angani inasikia. Kila mtu anajua wewe ni nani, kampuni gani, na kwamba asubuhi hukupiga hesabu vizuri. Huo ni ubao wenye masikio.

Dada akamtazama Bwana Tone. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti. Alikuwa anatazama mbele, uso mkavu, hasemi ndiyo wala hapana. Sekunde ya kwanza ikapita. Sekunde ya pili.

"Nilikuwa namsubiri aniambie," dada alinisimulia, na hapo mikono yake ilitulia. "Nikajiona kabisa. Ni ileile. Namsubiri mtu aniambie."

Akabonyeza kitufe, akayasema. Yote, polepole, kwa sauti ya mtu anayeagiza mkate.

Kisha mnara: "Nimekusikia. Subiri."

Kusubiri ndicho kitu pekee alichokuwa hana. Lakini kabla hajajibu, sauti nyingine nzito ikaingia, ya kapteni wa kampuni yao wenyewe, mzee mmoja wanayemwita Bwana Tangi. Huyu ndiye aliyekuwa namba moja kwenye ubao miezi mitatu mfululizo. Mafuta anaongeza hata kukiwa na jua la kuanikia nguo, na kila akiingia kwenye kile chumba wanamuuliza habari za mwezini.

"Mnara, mimi ndiye wa kwanza kwenye foleni. Mpisheni dada apite. Mimi nina mafuta ya kuzunguka mpaka chakula cha mchana."

Mtu akacheka kwenye redio. Sauti ya pili ikasema, "Na mimi nampisha." Ya tatu: "Apite, apite." Ya nne ikasema, "Sawa, ila huyu Tangi akianza kugawa mafuta na mimi aniandike."

"Haya," mnara ukasema, na uchovu ulikuwa umepungua. "Dada, wewe ni wa kwanza. Njoo moja kwa moja."

Akaja moja kwa moja. Magurudumu aliyaacha ndani mpaka mwisho kabisa, yasishike upepo bure, na yalipotoka yaliguna chini ya miguu yetu, Bwana Magodoro akasema "Mungu wangu" na mama akasema "Ni miguu tu, baba, inashuka." Kisha barabara ikatokea dirishani, nyasi zikakimbia, tukagusa. Mara moja. Hatukuruka tena.

Watu walipiga makofi mpaka mikono ikauma. Mama hakupiga. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, anatikisa kichwa kidogo kidogo kama mtu anayekubali mizani.

Kule mbele injini zikazimwa. Mshale ulisoma mia tatu na nane.

Bwana Tone akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Asubuhi nilikuuliza kama unaongeza."

"Ndiyo, kapteni."

"Ukungu uliuona kwenye karatasi."

"Niliuona."

"Kwa nini hukuongeza?"

Angeweza kusema lolote. Angeweza kusema mpango uliruhusu, na asingekuwa mwongo. "Niliogopa ubao," akasema. "Na mama yangu yumo kwenye ndege. Niliogopa mtasema nimeongeza kwa ajili yake."

Bwana Tone akamtazama. "Ni yule aliyewazimisha watu taa?"

"Ndiye huyo, kapteni."

"Mh."

Akafungua fomu, akaandika. Aliandika muda mrefu. Akakunja karatasi mara mbili, akampa. "Lori la mafuta limefika. Kule tulikokuwa tunakwenda ukungu umeisha, tunarudi. Shuka ukaikague ndege kwa nje, na hii utaisomea huko chini. Sipendi mtu alie humu."

Kulia kwa furaha au kwa msiba, hakusema. Dada akasimama. Lakini kabla hajatoka akachukua karatasi ya mafuta, akaandika kiasi anachotaka, kingi kuliko mpango, akamwekea mbele asaini. Hakumuuliza. Bwana Tone akasaini.

Abiria tuliambiwa tubaki vitini na tuzime simu zote wakati mafuta yanaingia. Mimi! Simu! Mhudumu alisimama juu yangu mpaka kioo kikawa cheusi. Ndiyo maana yanayofuata sina video, mtaniamini hivyohivyo.

Mlango wa mbele ukafunguka, Bwana Tone akatoka, mrefu, kofia kwapani, anakwenda kule nyuma chooni. Hakufika. Mama alishatoka kitini na kuziba kijia.

"Shikamoo, baba kapteni."

Walikuwa marika, lakini Bwana Tone alishtuka, akaitikia, "Marahaba. Wewe ndiye mama wa maharage?"

"Ndiye mimi. Mwanangu kafaulu hajafaulu?"

"Mama," akasema kwa upole, "matokeo ni siri ya kazi. Atakuambia mwenyewe akitaka."

"Mimi nimemzaa."

"Ndiyo, mama."

"Nimezima taa zote hizi."

"Nimesikia, mama. Asante. Lakini siwezi."

Mama akavuta pumzi, na mimi ninayemjua nikajua inakuja hotuba. Nikaanza kumvuta nguo. Hapo ndipo Bwana Magodoro, aliyekuwa amehamia dirishani upande wake ili apate hewa ya macho, akapiga kelele, "Mama! Mama, njoo uone!"

Mama akaruka magoti ya Bwana Magodoro, akafika kioo. Mimi nyuma yake. Watu wa safu zetu nyuma yangu. Mhudumu akapaza sauti tusijazane upande mmoja, kisha akaja na yeye.

Dada alikuwa chini, nyuma ya injini, mahali ambapo mtu wa lori la mafuta hawezi kumwona na jengo la abiria halimwoni. Alikuwa ameifungua karatasi. Aliisoma. Akaangalia kulia. Akaangalia kushoto. Akaisoma tena, midomo inacheza. Kisha, na sare yake iliyopigwa pasi, na tai, na viatu vyeusi vinavyong'aa, dada yangu ambaye hajawahi kucheza hata kwenye harusi akaanza kucheza. Mabega kwanza. Halafu kiuno. Halafu akazunguka mara moja, mara mbili, karatasi juu kama bendera, akarusha mguu mmoja, akataka kuanguka, akashika gurudumu, akaendelea.

Kulia na kushoto aliangalia. Juu, kwenye madirisha, hakuangalia.

Ndani ya ndege ililipuka kelele ambayo sijawahi kuisikia. Bwana Magodoro alimkumbatia mzee wa kifaa cha masikio. Bwana Tone alikuwa ameinama nyuma yetu sote, shingo ameinyoosha kama twiga, na nikamwona kwa macho yangu: meno. Alikuwa na meno.

"Mimi sijasema kitu," akasema.

"Kucheza bado hajajua," mama akasema, akifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Lakini leo mwacheni." Na akagonga kioo kwa pete yake, ko, ko, ko.

Dada akainua kichwa. Akaona nyuso arobaini na kitu, zimebanwa kwenye vioo, pua bapa. Akaganda, mguu mmoja hewani. Kisha akaushusha mguu polepole, akaweka karatasi mfukoni, akanyoosha tai, akachuchumaa na kuanza kulikagua lile gurudumu kwa makini, upande huu na upande ule, kama kwamba siku nzima hakuwa na jambo jingine lolote akilini.